Wanafunzi wa nje wakija kutembelea kikundi chenu: mwongozo kwa vikundi vya Unguja na Pemba

Mara ya kwanza kikundi chetu cha mwani kupokea wanafunzi kutoka Ulaya, walikuja siku ya pili ya bamvua, yaani siku za maji makubwa, bahari inapojaa sana na kutoka mbali. Tuliambiwa watafika saa mbili asubuhi. Walifika saa tano kasorobo, maji yameshaanza kurudi. Sisi tulikuwa juu tangu alfajiri, tumevaa nguo za kutokea, mikeka imetandikwa, sufuria la pilau liko motoni, na hakuna hata mmoja aliyeteremka pwani. Wageni walikula, walipiga picha, walitushukuru kwa moyo mweupe, wakapanda gari saa tisa. Jioni, tukiwa tunaosha vyombo, bibi mmoja mtu mzima katika kikundi akauliza: "Leo zimefungwa kamba ngapi?" Mwani tunaupanda kwa kufunga mbegu kwenye kamba, na siku hiyo haikuwa imefungwa hata moja. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, na kila moja ina siku zake chache tu za maji kutoka mbali. Siku moja tuliipoteza, na hakuna aliyekuwa na ubaya. Hatukuwa tumepanga, basi.

Tangu hapo tumepokea wengine wengi, na mimi kama katibu ndiye niliyekuwa nikiandika barua, nikihesabu sahani na kujibu maswali. Haya ninayoyaandika ni kwa kikundi chochote cha kijijini kinachoombwa kutembelewa: wakulima wa mwani, watengeneza sabuni, walinzi wa mikoko, ushirika wa kuweka na kukopa, skuli ya maandalizi iliyojengwa na wazazi, jumuiya ya watu wenye ulemavu. Wanafunzi hawa huja hasa kati ya Juni na Agosti, likizo ndefu ya vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani. Wapo pia wanaokaa Unguja muhula mzima wakisoma Kiswahili au mambo ya bahari, kisha wakavuka kuja Pemba kwa siku chache. Wengi ni vijana wa miaka 19 hadi 23, na wengi wamechangisha nauli zao kwa jamaa na marafiki. Wanataka kweli kujifunza. Ikiwa mwenyeji hakuwapangia, watajifunza kitu kisichokuwepo.

Kwanza kaeni wenyewe

Kabla ya kumjibu mtu yeyote, itisheni kikao cha wanachama wote. Kamati peke yake haitoshi, kwa sababu siku ya wageni anayeulizwa maswali na kupigwa picha ni kila mtu. Katika kikao hicho jibuni maswali matatu, na majibu yaandikwe kwenye daftari la mihutasari.

La kwanza: tunawataka? Kukataa ni haki yenu, na hakuna adabu inayovunjika. Kikundi ambacho kina msiba, ugomvi wa fedha usiokwisha, au kazi iliyorundikana, kina sababu ya kutosha ya kusema "mwaka huu hapana". La pili: tunataka nini kwao? Msiseme "msaada". Semeni kitu chenyewe: tunataka mtu atusaidie kuandika maelezo ya sabuni yetu kwa Kiingereza, tunataka kujua wanunuzi wa nje hutazama nini kwenye bidhaa, tunataka watoto wetu wa kidato cha tatu wapate siku moja ya kuzungumza Kiingereza na wenzao. La tatu: nini hawatakiona? Daftari la mikopo lenye majina ya watu, nyumba ya mgonjwa, mtoto aliyefiwa, ugomvi wa mpaka wa shamba. Orodha hii ya tatu ndiyo inayosahauliwa zaidi, na hukumbukwa pale mgeni anapoingia chumba asichotakiwa na kamera mkononi.

Chagueni pia mtu mmoja wa mawasiliano. Akiwa mwenyekiti anazungumza na mwalimu wao, katibu anazungumza na mpanga safari, na kijana wa kijiji anaandikiana na mwanafunzi mmoja kwenye simu, mtapata ahadi tatu zisizofanana.

Barua ya kwanza na majibu yake

Maombi mengi huja kwa simu au kupitia mtu wa hoteli au mtembeza wageni. Ombeni yaandikwe. Kisha ulizeni mambo haya, na msikubali tarehe hadi yajibiwe: wanakuja wangapi na wana umri gani, wanatoka chuo gani na mwalimu gani anawaongoza, ni matembezi ya kuona na kuzungumza, ni kazi ya kujitolea, au ni utafiti, wanataka kukaa saa ngapi au siku ngapi, nani kati yao ana maradhi au hawezi kula kitu fulani, na picha wanazipiga kwa ajili ya nini.

Swali la kula lichukulieni kwa uzito. Wapo Wazungu ambao njugu zikiingia kwenye chakula chao, hata kidogo, koo hufunga na anaweza kufa. Mchuzi wa njugu kwetu ni kitu cha kawaida, kwa hiyo mpishi lazima ajue mapema. Wapo wasiokula nyama wala samaki kabisa. Hao maharage, mchicha, mihogo ya nazi na wali huwatosha, wala msihuzunike kuwa hamkuwakirimu.

Mfano wa jibu letu ni huu, mnaweza kuugeuza:

"Assalaam aleykum. Tumepokea ombi lenu na kikundi kimelijadili. Tuko tayari kuwapokea wageni wasiozidi 12 pamoja na mwalimu mmoja, kwa siku moja, baada ya kupata idhini ya sheha. Tarehe tutaichagua sisi kwa kufuata maji ya bahari. Gharama za siku hiyo tumeziambatisha. Picha zitapigwa kwa ruhusa ya kila mtu, na watoto hawatapigwa picha. Tunaomba mtuandikie kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ili wanachama wote waelewe."

Sentensi ya mwisho iliwahi kumshangaza mtu mmoja aliyeniambia kuwa Kiingereza kinatosha. Hakitoshi. Wanachama wetu wengi wamesoma Kiswahili na Qur'ani, na makubaliano wasiyoyasoma si yao. Chuo kinachoweza kusafirisha vijana 12 kwa ndege kinaweza kumpata mtu wa kutafsiri ukurasa mmoja. Hapa kwetu Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kinafundisha wageni Kiswahili, na hata wanafunzi waliokaa huko wiki chache hufurahi kulijaribu jambo hili.

Sheha, wilaya na vibali

Hatua hii haina mkato. Mtu wa kwanza kujua ni sheha, yaani kiongozi wa serikali katika shehia yenu. Mpelekeeni barua yenye idadi ya wageni, nchi wanazotoka, tarehe na nyumba watakayolala ikiwa watalala. Yeye atawaambia kama jambo lipande kwa Mkuu wa Wilaya. Wageni wakitaka kuingia skuli au kituo cha afya, idhini ya mwalimu mkuu au daktari peke yake haitoshi. Ulizeni ofisi ya wizara inayohusika, na kwa upande wa Pemba wizara zina ofisi zao hapa hapa kisiwani. Wakilala kwenye nyumba za watu kwa malipo, ulizeni kwanza Kamisheni ya Utalii, maana kulaza wageni kwa fedha ni biashara yenye leseni.

Viza ni jukumu la wageni wenyewe, lakini kosa lao likitokea mlango wa kwanza kugongwa ni wenu. Viza ya matembezi, ambayo ada yake ni dola 50 kwa wengi na dola 100 kwa Wamarekani, haimruhusu mtu kufanya kazi, hata ya kujitolea bila malipo. Anayekuja kufundisha skuli kwa mwezi mzima au kupaka rangi zahanati anahitaji kibali cha kazi hiyo. Mipaka ya neno "kazi" ikiwachanganya, nendeni Uhamiaji mkaulize kabla, na mwandike jina na cheo cha aliyewajibu, na tarehe.

Utafiti una njia yake. Mwanafunzi akija na karatasi za maswali, akarekodi sauti za watu ili akaandike tasnifu, huo ni utafiti, na Zanzibar ina utaratibu wake wa vibali vya utafiti, mbali na ule wa Bara unaoendeshwa na COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Masuala ya afya yanapita pia kwenye kamati ya maadili. Mwambieni akuleteeni nakala ya kibali na muiweke kwenye faili. Kuna mwaka tulijibu maswali ya dodoso hadi kiza kikaingia, tukidhani ni mazungumzo ya kawaida, na hatujawahi kuona hata ukurasa mmoja wa kilichoandikwa.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kila mgeni wa nje anayeingia Zanzibar hulazimika kuwa na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, inayomfaa hadi siku 92. Ombeni mwalimu wao awe na namba za bima hizo mfukoni. Mtu akivunjika mguu kwenye mwamba wa Kaskazini Pemba, si wakati wa kutafuta karatasi Ulaya.

Tarehe ichagueni nyinyi

Kwa kikundi cha mwani, kalenda ni mwezi wa angani. Maji ya bamvua hutoka mbali baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu, na kwa bahari yetu kupwa huko huangukia asubuhi kuelekea adhuhuri. Kuna njia mbili. Mnaweza kuwaita siku za maji mafu, bahari isipotoka mbali na hamna kazi kubwa ya pwani, mkazungumza kivulini, mkawaonyesha kukausha na kutengeneza sabuni. Au mnawaita bamvua lenyewe, lakini kwa sharti kuwa kazi inaendelea na wao ndio wanaoifuata. Sisi siku hizi tunachagua ya pili: wanalala Micheweni au Wete usiku wa kuamkia, saa mbili wako pwani, na asiyefika atatukuta ndani ya maji.

Msiwaite katika masika, kuanzia Machi hadi Mei, barabara za udongo zikiwa matope. Msimu wa karafuu ukichanganya, na mara nyingi huanza kushika kasi Julai au Agosti, kijiji kizima kiko mashambani na majamvini, kwa hiyo mpime. Upepo wa kusi katika miezi hiyo hiyo huchafua bahari ya mkondo wa Nungwi. Mtu asiyezoea atafika bandari ya Mkoani, Pemba, akiwa hoi kwa kutapika. Mwambieni apumzike siku moja kabla ya kuanza ziara.

Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, nayo wageni wa masomo huwa hawaijui. Mwaka 2027 inatarajiwa kuanza kiasi cha tarehe 8 Februari. Kuwapokea katika Ramadhani hakukatazwi, na futari ya pamoja ni mwaliko mtamu, lakini msiwapangie wapishi waliofunga wakapike chakula cha mchana cha watu 20.

Fedha

Hapa ndipo vikundi vingi huona haya. Tunasema mgeni halipishwi, mgeni ni baraka. Mgeni wa nyumbani kwangu simlipishi, na sitamlipisha hadi nizikwe. Lakini kundi la chuo limelipa ndege, hoteli, gari na mtembeza wageni. Mwanamke anayeacha kamba zake ili awafundishe ndiye peke yake asiyelipwa katika mlolongo huo. Hilo silikubali, na nakuombeni nanyi msilikubali.

Hesabu ifanyeni wazi, kwa shilingi, na iwe kwenye karatasi moja. Chukueni mfano wa wageni 12 na mwalimu wao. Bei hizi ni za kuonyesha njia tu, wekeni zenu:

Wanawake 8 wanaoacha kazi zao siku hiyo, shilingi 10,000 kila mmoja: 80,000.
Chakula cha watu 22, yaani wageni 12, mwalimu, mkalimani na wenyeji 8, shilingi 5,000 kila sahani: 110,000.
Boti ya kwenda na kurudi: 60,000.
Mkalimani: 50,000.
Maji ya kunywa, sabuni na usafi wa choo: 20,000.
Mfuko wa kikundi: 100,000.

Jumla ni 420,000, na ukigawa kwa wanafunzi 12 kila mmoja anachangia 35,000. Kiasi hicho kwa mwanafunzi aliyevuka bahari si kikubwa, na mwalimu akiona mchanganuo wake hulipa bila neno. Bei isiyo na mchanganuo ndiyo inayozua maswali.

Nusu ilipwe kabla, kwenye akaunti ya kikundi au laini ya simu iliyosajiliwa kwa ajili ya kikundi, kamwe isiwe laini ya mtu binafsi. Mweka hazina akate risiti. Malipo ya wanawake 8 yagawiwe siku ile ile mbele ya wote, na zamu zizunguke, ili wasiwe daima wale wanane wanaojua Kiingereza kidogo au wenye nyumba karibu na barabara. Vikundi nilivyoona vikivunjika kwa sababu ya wageni vilivunjikia hapa: ilionekana fulani anawala wageni peke yake. Ikiwa mtembeza wageni anataka kamisheni, na apewe, lakini iandikwe kwenye karatasi hiyo hiyo, na wageni waione.

Watoto na kamera

Nitakaa hapa kidogo.

Wageni wengi wakifikiria kazi ya kheri hufikiria watoto. Wataomba kutembelea mayatima, kuimba nao, kuwabeba. Tarehe 18 Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kuhusu haki za mtoto lililotaja wazi madhara ya kutembelea na kujitolea kwenye nyumba za kulelea watoto, kwa sababu mahali pengine watoto wenye wazazi wametolewa kwao na kukusanywa ili wageni wapate wa kuwatembelea. Kwetu yatima kwa desturi hulelewa na ami, mjomba, khaloo au bibi yake, ndani ya nyumba yenye watoto wengine, na hakuna anayemwita yatima mbele za watu. Msije mkamtenga mtoto huyo akasimamishwa mstari ili apewe daftari na penseli kwa sababu baba yake amekufa. Kwa sisi Waislamu, mali na heshima ya yatima ni amana, na heshima yake huanza kwa kutomtangaza.

Kwa hiyo kanuni zetu ni hizi. Mgeni hakai peke yake na mtoto, hata dakika tano, hata mwalimu wao akisema anamwamini. Mgeni hamchukui mtoto kwenda naye dukani wala hotelini. Hakuna pipi za kutupiwa watoto barabarani, maana siku ya pili watoto watakimbilia kila gari. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inamlinda mtoto dhidi ya udhalilishaji wa kila namna. Mkiona jambo la kutia shaka, peleka habari kwa sheha na ofisi ya ustawi wa jamii siku hiyo hiyo, msingoje wageni waondoke. Vituo vya Mkono kwa Mkono vilivyoko hospitalini viko kwa ajili hiyo.

Kuingia darasani, kwa maoni yangu, ni bora kusiwepo kabisa ikiwa ni kwa saa moja ya kutazama. Mwalimu huacha somo, watoto husimama wakaimba wimbo walioimba kwa wageni wa juma lililopita, na hesabu za siku hiyo hazifundishwi. Wakitaka kukutana na vijana, waitwe vijana wakubwa baada ya saa za skuli, wazazi wao wamekubali, wakae duara moja waulizane. Maswali ya vijana wetu kwa wageni, kuhusu mikopo ya vyuo, kodi ya nyumba, kwa nini wanaishi mbali na wazazi wao, huwa mazito kuliko nyimbo zote.

Kuhusu picha: dakika kumi za mwanzo kamera zibaki mikobani. Mkalimani awaelezee kwamba mwanamke aliyefunua kichwa akiwa kazini majini hajatoa ruhusa ya kuonekana hivyo duniani. Anayetaka kupiga amwombe mtu mwenyewe, amwonyeshe picha, na akiambiwa futa, afute mbele yake. Droni isirushwe bila kibali cha serikali. Tulijifunza pia kuomba orodha ya mahali picha zitakapowekwa, na kuandika kwenye makubaliano kwamba haziwezi kutumiwa kuchangisha fedha kwa jina letu bila idhini yetu. Hilo la mwisho tuliliweka baada ya mwenzetu mmoja kuonyeshwa na mwanawe uso wake mtandaoni, juu ya maneno ya kumuombea msaada ambao hakuuomba. Alikaa siku mbili hakutoka nje.

Siku yenyewe

Mavazi waelezeni wiki moja kabla, kwa maneno yasiyo na mafumbo: mabega na magoti yafunikwe kwa wanaume na wanawake, na wasichana waje na kanga au mtandio. Wekeni kanga tano au sita akiba. Atakayesahau atafungwa moja bila kuaibishwa. Waambieni pia waache mifuko ya plastiki walikotoka, kwani Zanzibar imeipiga marufuku.

Ikiwa kuna kuvuka maji, kwenda Kojani, Fundo au Kisiwa Panza, kila mtu avae jaketi la kujiokolea tangu chombo hakijang'oa nanga, na nahodha asizidishe idadi hata akiongezewa fedha. Hatujasahau usiku wa Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama katika njia ya kuja Pemba. Hakuna familia kisiwani hapa isiyojua aliyefiwa usiku ule. Jueni pia hospitali iliyo karibu kabla ya siku, iwe Abdalla Mzee pale Mkoani, Chake Chake, Wete au Micheweni, na gari la kumpeleka mtu liwe limejulikana ni la nani.

Wakifika, wapokeeni kwa salamu fupi, maji, na mwenye nyumba yenye choo awaonyeshe kilipo. Hotuba zisizidi robo saa. Mzee wa kijiji akitaka kuomba dua, iwe mwanzo. Kisha pwani. Wawekeni wawili wawili na mwanamke mmoja, wasiwe kundi zima nyuma ya mmoja. Hapo ndipo mgeni anapoanza kusikia. Wavae viatu vyenye soli ngumu, waburuze miguu mchangani badala ya kukanyaga juu juu, ili samaki taa aliyejifukia apate kukimbia. Jua la pwani saa nne huwaunguza vibaya, hivyo kofia na maji ni lazima, na saa moja na nusu majini inatosha.

Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Hawa wanataka jembe siku ya kwanza, na ni vizuri, ila mpeni kazi ambayo akiiharibu haimuumizi mtu. Kufunga mbegu ya mwani kwenye kamba huonekana rahisi. Mgeni akikaza kupita kiasi tawi hukatika, akilegeza wimbi hulichukua, na baada ya wiki sita mwenye shamba anavuna kamba tupu. Sisi tuna kamba tano za kujifunzia, ni za kikundi, na hasara yake imo katika ule mfuko wa 100,000. Kazi ya kujenga au kupaka rangi inayoweza kufanywa na fundi wa kijiji aachiwe fundi wa kijiji. Mgeni abebe mchanga na maji chini yake, ikiwa kibali chake kinamruhusu.

Adhuhuri ikiadhiniwa, mambo husimama. Wageni wapewe kivuli na madafu wakati nyinyi mnaswali, wala msiswali kwa haraka kwa ajili yao. Chakula kiliwe chini, kwenye sinia, kwa mkono wa kulia, na atakayeomba kijiko apewe.

Mkalimani ni roho ya siku hii. Awe mtu anayetafsiri lililosemwa, hata likiwa chungu. Mkalimani wetu mmoja wa zamani alikuwa kijana mzuri, lakini mama alipolalamikia bei ya mwani yeye aliwaambia wageni kuwa mama anafurahi kuwaona.

Semeni yalivyo

Kilimo cha mwani kilianza huku kwetu mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa kuanzia vijiji vya mashariki ya Unguja kama Paje na Jambiani, na wakulima wengi hadi leo ni wanawake. Wageni husoma hayo kabla ya kuja, na huja na picha ya mwanamke aliyeokolewa na bahari. Sehemu ya picha hiyo ni kweli: kwa fedha ya mwani wapo waliosomesha, waliojenga, waliotoka kwenye ndoa mbaya. Lakini waambieni na hili. Kotonii, aina ya mwani ambayo ndiyo yenye bei nzuri, haivumilii joto la maji ya siku hizi. Hugeuka nyeupe, ikalainika na kukatika, na wengi wamebaki na aina nyingine, spinosamu, yenye bei ndogo. Wanaotaka kotonii wanasogea maji ya kina, na wengi hatukufundishwa kuogelea tulipokuwa wasichana. Waambieni migongo inavyouma. Waambieni mashine ya kusaga mwani iliyoletwa na mfadhili mmoja ikaharibika na kipuri hakipatikani.

Kikundi kinachoonyesha mafanikio matupu hupata makofi. Kikundi kinachoonyesha mashine iliyolala hupata, mara moja moja, mwanafunzi wa uhandisi anayepiga magoti, akaifungua, akaandika namba ya kipuri. Hilo lilitutokea, na ilituchukua miezi minne kukipata, lakini ilisaga.

Ahadi na zawadi

Vijana wakiguswa huahidi. "Nitarudi", "nitakutafutia mfadhili", "nitamlipia mwanao skuli". Wanamaanisha wakati wanaposema, kisha hurudi kwao, mitihani ikawameza. Waombeni, mwanzoni kabisa na kwa upole, wasiahidi kitu kwa mtu mmoja mmoja. Mwenye nia azungumze na mwalimu wao, mwalimu aandike kwa kikundi. Nanyi waambieni wanachama wasiombe simu wala nauli kwa siri. Zawadi za vitu zipokelewe na kikundi na ziandikwe daftarini. Nguo kuukuu kataeni. Vitabu vya watoto vya Kiswahili, vilivyonunuliwa hapa hapa Zanzibar, pokeeni kwa mikono miwili.

Wakishaondoka

Kaeni ndani ya siku tatu, kumbukumbu zikiwa bado mbichi. Mweka hazina asome fedha zilizoingia na zilizotoka. Kila mwanamke aliyekuwa na wageni aseme jambo moja lililomfurahisha na moja lililomkera, na katibu aandike yote mawili. Ulizeni pia majirani wasiokuwa wanachama, maana wao ndio walioona wageni njiani mkiwa hampo.

Baada ya mwezi mwandikieni mwalimu wao mkiomba vitu viwili: picha zenyewe, na ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoeleza wanafunzi wameandika nini juu yenu. Tuliowaomba ukurasa huo mara ya kwanza waliuchelewesha hadi Desemba. Ulipokuja tuliusoma kwa sauti bandani, tukiwa tunafunga mbegu, na mahali walipoandika kuwa kamba moja hufungwa kwa dakika tano yule bibi aliyeuliza siku ile ya kwanza aliinua mkono, akasema tuwajibu kuwa si kweli, kwa mkono wake ni tatu. Nikaandika hivyo, na kwenye barua ile ile nikaweka tarehe za bamvua la Julai.